Kidirisha Kisichosomeka kwa Sikio

Hospitali nzima ilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Daktari mgeni, muuguzi wa zamu, fundi wa jenereta, kila aliyeinua simu alimsikia akiuliza, "Swichibodi, nikuunganishe na nani?" kwa utulivu ambao hata mwenye hasira ulimshusha pumzi. Jina la utani likamganda: Sauti.

Surua ilimnyang'anya macho angali mtoto mchanga. Hakulilia alichokuwa hakikumbuki. Swichibodi ya zamani aliijua kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi: vitufe vya wodi safu ya juu, vya ofisi safu ya chini, na kimoja kilicholegea ambacho lazima ukibonyeze kwa ukucha. Kisha wakaja mafundi, wakaing'oa, wakaweka kompyuta.

Kompyuta yenyewe haikumtisha. Chuoni alifundishwa kuandika kwa vidole vyote kumi, na alikuwa na programu iliyomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Sauti yake ilikuwa kavu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa, naye akaipa jina la Mzee Bati. Tatizo ni kwamba programu mpya ya simu na Mzee Bati hawakupikika chungu kimoja. Ukiandika namba, Mzee Bati aliisoma. Mengine yote yalikuwa picha tu, na mbele ya picha mzee yule alikuwa bubu.

Msimamizi wa ofisi alikuwa amemwambia asubuhi kwamba baada ya mapumziko ya mchana atakuja kukaa naye na kumtazama akifanya kazi. Ikienda vizuri, kiti ni chake. Isipokwenda, kuna nafasi kwenye chumba cha mashuka, kazi ya kukunja na kupanga, wala hakuna wa kumsumbua. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini. Kukunja mashuka si aibu. Lakini mashuka hayaongei na mtu.

Ndipo akampigia wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa karani wa dirisha la dawa upande wa pili wa ua. Wifi akaja na chakula chake mkononi, hakijaguswa.

"Wifi, mimi nasoma mwandiko wa madaktari kutwa nzima," akasema akivuta kiti. "Nitashindwa na mashine inayoandika vizuri?"

"Soma kwanza, majigambo baadaye."

Kulikuwa na kitufe cha msaada. Ukikibonyeza, kidirisha kinachomoza katikati ya skrini na maelezo yote ya kuendesha simu. Wifi alijaribu kuyanakili maneno kwa kipanya ili ayabandike kwenye faili ambalo Mzee Bati angeweza kulisoma. Hayakushikika. Mbaya zaidi, ukigusa kitufe chochote cha kibodi, kidirisha kinajifunga. Ukikiita tena, kinaanza upya kutoka juu.

Basi wakafanya hivi. Wifi alisoma sentensi moja, Sauti akaishika kichwani, kidirisha kikafungwa, faili likafunguliwa, vidole vikaimwaga. Kisha kidirisha tena, na wifi kushuka chini akitafuta walipoishia, huku akinung'unika kwamba hata sindano kwenye nyasi ina nafuu. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na Sauti aliisikia kuliko alivyomsikia wifi. Mara mbili sentensi ilimtoka kichwani ikabidi warudie. Mara moja wifi aliruka mstari, wakagombana kwa minong'ono kama watoto msibani.

Walipomaliza, Sauti akamwamuru Mzee Bati asome yote.

"Kuhamisha simu," akasema Mzee Bati, "bonyeza alama ya kijani iliyo kushoto. Kukata, bonyeza alama nyekundu. Kumweka mpigaji asubiri, bonyeza picha ya saa."

Wifi alitua kijiko. Walikuwa wamenakili neno kwa neno, bila kosa, maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mwenye macho.

"Nilikuwa nasoma tu, wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa imenywea. "Sikuwaza. Kijani kwangu ni kijani."

Sauti hakumlaumu, yeye mwenyewe alikuwa ameyaandika na hakushtuka. Alifikiria kwenda kumwambia msimamizi yaishe, akajikaza. Akauliza kama kuna kitu kinachosogea pale anapobonyeza kitufe cha Tab. Wifi akatazama. Kulikuwa na kimstari chembamba, akasema, kinaruka kutoka alama hadi alama.

"Basi niambie kinapotua. Rangi zake ziache."

Wakaanza upya. Sauti alibonyeza, wifi akataja. Kijani kikafutwa, pakaandikwa: kuhamisha, Tab mara mbili, kisha Enter. Nyekundu ikafutwa. Saa ikafutwa. Wifi hakusema mzaha tena, na chakula kikapoa. Walikuwa wamefika kwenye mstari wa mwisho pale viatu vya msimamizi viliposikika ukumbini. Wifi akambana bega, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Msimamizi akakaa. Kalamu yake ilikuwa inagonga goti. Simu ya kwanza ilikuwa ya wodi ya wazazi, ikaenda. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyekosea namba. Akamuaga kwa adabu. Ya tatu aliiweka isubiri, akairudia, akaihamisha. Kalamu ikaacha kugonga.

Kisha ikaingia sauti ya mwanamke iliyokuwa inahema. "Maabara hapa. Nipe chumba cha upasuaji. Damu tuliyowapelekea siyo, waambie wasiitumie."

Sauti akaandika namba. Tab, Tab, Enter. Alingoja mlio wa kuunganisha, haukuja. Akatega sikio tena, kimya. Mzee Bati hakutoa neno. Akaelewa. Kimechomoza kidirisha kingine, ambacho hakimo kwenye faili, na hajui kinauliza nini. Vidole vilitaka kubahatisha. Pengine vingepatia, naye msimamizi asingejua. Pengine vingeikata simu.

Akainua mikono kutoka kwenye kibodi.

"Msimamizi, kimetokea kidirisha. Nisomee."

"Lakini hicho ndicho tunachokipima hapa, binti yangu."

"Najua. Nisomee neno kwa neno, maabara wanasubiri."

Msimamizi akainama mbele. "Namba hii inazungumza. Kuna... Subiri, Ingilia, Rudi."

"Kimstari kiko wapi?"

"Kwenye Subiri."

Akabonyeza Tab. "Sasa?"

"Ingilia. Lakini huenda ni daktari mkuu anaongea pale."

"Atanisamehe," akasema Sauti, akabonyeza Enter.

Mazungumzo ya mtu yakakatika katikati. Akaomba radhi kwa maneno machache, akasema maabara wana neno kuhusu damu, akawaachia laini. Alisikia mtu upande ule akisema, "Simamisha, simamisha." Ndipo akatoka kwenye laini, akafungua faili, akaandika yale maneno matatu ya kidirisha na mahali kimstari kinapoanzia.

Msimamizi alimtazama akiandika. Baadaye akauliza kama kila kidirisha kipya kikitokea atakuwa anaita mtu.

"Kila kimoja mara moja tu. Kikishaingia humu ni changu."

Msimamizi akaitia kalamu mfukoni. Akasema kiti ni chake, ila wiki hizi za mwanzo kutakuwa na mtu wa kukaa karibu. Neno hilo lilimchoma; miaka yote hakuwahi kukaliwa karibu na mtu. Akalimeza, akashukuru.

Msimamizi alipotoka na mlango kujifunga, akalihifadhi faili. Simu ikaita. Akajifuta viganja kwenye sketi.

"Swichibodi, nikuunganishe na nani?"