Kompyuta Iliyooga Uji Siku ya Harusi Yangu

Mpaka leo watu wa Kibwezi wakiniona na suti huniuliza kama nimebeba bisibisi, nami hucheka nao tu, maana aibu ile siwezi kuikana (nusu ya kijiji iliona soksi zangu zikitokeza mlangoni mwa gari).

Baba yake Mwende hakutaka bintiye aolewe na fundi wa kulala chini ya magari, akakubali baada ya mimi kuapa kwamba siku ya harusi ataniona safi kuanzia kola hadi viatu. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, magari ya kompyuta ndiyo yanaanza kuingia, nikaazima moja kwa rafiki yangu wa Mombasa ili nimkomeshe mzee. Shangazi yangu alikuwa na kibuyu cha uji cha kuwapelekea wakwe, akataka kukiweka kwenye buti, lakini huko kulikuwa na keki, nikamwambia akiweke tu chini mbele, miguuni pake.

Barabara ya kwao ni mashimo tupu. Tulifika, tukaimba, tukamchukua Mwende, nikageuza ufunguo: kimya. Lori la wageni lilikuwa limeshatangulia, pasta alikuwa na harusi nyingine nyuma ya yetu, na mzee akasema tukichelewa, harusi itangoja mpaka aamue yeye (na nilijua hataamua).

Betri nzuri, plagi nzuri, mafuta yapo, nikajua ni kompyuta, lakini iko wapi? Mimi nilizoea kabureta, kitu unakiona kwa macho. Nikatafuta kando ya betri, nikafungua dashibodi, nikang'oa kiti cha dereva, vyuma nikivipanga juu ya leso ya shangazi, koti likapata grisi, na nilipoinama suruali ikapasuka nyuma, akina mama wakazidisha wimbo ili wasicheke.

“Kijana,” mzee akasema, “hii gari unaitengeneza ama unaichinja?”

Nikalala kifudifudi kwa aibu, shavu kwenye kapeti la upande wa abiria, ndipo nikasikia unyevu na harufu ya uji. Nikalivuta kapeti. Kumbe kasanduku kenyewe kamejificha hapo chini, kameoga uji!

Mwende akavua shela yake. “Panguza na hii. Mimi naolewa leo.”

Nikapanguza, nikakaanika juu ya boneti, na jua la kwetu halina huruma, nikarudisha waya, injini ikanguruma, nami nikapiga vigelegele kuwashinda akina mama.

Tuliingia kanisani bibi harusi bila shela, mimi mgongo nimeupa ukuta, na sijawahi kufurahi vile. Jioni mzee akasimama akawaambia wageni kwamba mwenye gari bovu amwone mkwe wake, fundi. Neno hilo hakuwa amewahi kulitamka bila kukunja uso.

Tangu hapo nimeapa: kwanza naulizia kompyuta inakaa wapi, ndipo nashika spana. Na shangazi kibuyu chake anakipakata mwenyewe.