Toba ya Emiliana

Mimi Dorkasi sijui kupamba maneno, kwa hiyo nitasema kama nilivyoona. Jirani yangu Emiliana, hapa kijijini kwetu upande wa Mpwapwa, alitengwa na kanisa mwaka mzima. Alikaa benchi la nyuma, meza ya Bwana haisogelei, na asipotubu mbele ya watu, siku akifa tutamzika bila mchungaji. Kosa lake? Kumpiga mumewe kwa mchi.

Kumpiga! Jamani, ngojeni niwaambie.

Mumewe, Gerson, alikuwa mwinjilisti wetu. Mvua ilipogoma mwaka wa pili, uwele ukakauka shambani na mbuzi wakafa wote, akafunga siku nane. Akatoka huko macho mekundu, anaongea habari za Ibrahimu na Isaka tu. Siku ya tisa asubuhi akamwambia mkewe, "Mama Gladness, mwogeshe mtoto. Mvike gauni lake jeupe." Emiliana alikuwa mke wa kutii. Kwao alilelewa hivyo, na sisi umoja wa wanawake tulimfundisha hivyo hivyo. Akachota maji kidogo yaliyobaki mtungini, akamwogesha Gladness, mtoto wa miaka sita, akampaka mafuta.

Akarudi kwenye kinu chake kutwanga. Mara akasikia kisu kinanolewa nyuma ya zizi.

"Baba Gladness, unanoa kisu cha nini? Zizi si tupu?"

"Mungu atajipatia mwana-kondoo," akajibu.

Mimi nilikuwa uani kwangu, nilisikia yote. Nikasikia na mtoto akilia, "Baba, unaniumiza!" Emiliana akakimbia na mchi mkononi. Nilipofika, Gladness kafungwa mikono kwa kamba ya mbuzi, kalazwa juu ya jiwe la kusagia, shingo imeshachanwa, damu inatiririka kwenye gauni. Mchi ukashuka. Mkono wa Gerson ukavunjika kwa mlio, kisu kikaanguka, naye akakiinamia kwa mkono wa pili. Mchi ukashuka tena, safari hii tayani, meno yakaruka mchangani. Ukashuka tena na tena. Mimi sikumzuia, ng'o! Nilimnyakua mtoto, nikamfunga khanga yangu shingoni, nikapiga yowe.

Gladness alipona. Gerson naye alipona, polisi wakamchukua, na hadi leo hajarudi. Ndipo wazee wa kanisa wakakaa kikao. Mwenyekiti wao, Mzee Nikodemo, akasema bila haya, "Angesubiri. Mungu mwenyewe angeuzuia mkono wa mtumishi wake." Loo, nilitaka kumrukia.

Jumapili iliyopita Emiliana akaitwa mbele. Gladness kamshika sketi, na kovu lake shingoni.

"Unatubu, mama?" mchungaji akauliza.

"Natubu, baba mchungaji."

Mzee Nikodemo akaitikia, "Amina!" Nikafumba macho kwa hasira. Kumbe mwenzangu hakuwa amemaliza.

"Aliniambia nimwogeshe mtoto, nikamwogesha. Macho yake mekundu niliyaona, moyo ukanishtuka, na bado nikamwogesha, kwa sababu mlinifundisha mke mwema haulizi. Hilo ndilo ninalotubu. Mchi sitautubia."

Akamshika Gladness mkono, wakarudi kukaa benchi la nyuma. Nami nikanyanyuka kwenye kiti changu cha mbele, nikaenda kukaa nao.