Ukucha Niliouita Funza

Kwetu Tura, katika kambi ya reli, watu walikuja kwangu kutolewa funza. Kazi hiyo niliirithi kwa bibi yangu. Ujanani mwake alifuatana na wapagazi kutoka Tabora kwenda pwani, na kila walipotua mizigo alikaa chini na mwiba wake akiwasafisha miguu. Mimi nilikuwa msichana mwenye haya. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mbele za watu sauti ilinikauka. Lakini mguu wa mtu ukiwa mapajani mwangu sikuhitaji kusema kitu. Nilipasua ngozi kwa mwiba, nikauzungusha taratibu, nikamtoa funza mzima pamoja na mfuko wake wa mayai, nikamwonyesha mwenye mguu, kisha nikautupa motoni. Ndiyo ilikuwa desturi. Mtu asipoonyeshwa funza wake huenda zake na mashaka.

Baba alikuwa mlinzi wa njia ya reli. Kila alfajiri alitoka na spana na nyundo, akatembea juu ya mataruma akikaza bolti zilizolegea, mpaka akutane na mwenzake wa kituo cha pili, ndipo arudi. Tulikula kwa miguu yake, na nyumba tuliyolala ilikuwa ya kazi hiyo. Kisha Waingereza wakawagawia walinzi mabuti. Ya baba yalimbana mbele. Mama alimwambia ayarudishe, naye akajibu kwamba ngozi italegea yenyewe, na tena hajawahi kuvaa buti maishani mwake, atayarudishaje siku ya kwanza?

Baada ya wiki chache akaanza kuchechemea. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa chekundu pembeni mwa ukucha, kimevimba, kinawasha na kuuma. Sisi tulijua kitu kimoja tu kinachokaa mahali pale. Baba akaja kuketi mbele yangu Jumapili mchana, baada ya ibada. Wanawake watatu wa kambini walikuwa wakisubiri zamu zao.

Nilichimba. Sikuona doa jeusi wala mfuko mweupe, ila nyama na ncha ya ukucha iliyozama ndani yake. Nikachimba tena, nikachukua wembe, nikaikata pembe ya ukucha kwa mviringo, ndani kabisa, nikidhani funza amejificha chini yake. Damu ikatoka. Baba alikuwa ameuma kola ya shati lake.

Mwanamke mmoja akasema, "Huyo ni funza wa serikali, mwenzangu. Kavaa buti, hatoki bila barua."

Wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, halafu akaniuliza, "Umempata, mayu?" Ndivyo alivyoniita tangu utoto, yaani mama.

Macho yote yalikuwa kwangu. Nikasema, "Nimempata." Nikachukua kipande cha ngozi kwa ncha ya mwiba, nikakitupa motoni haraka kabla hajakiona vizuri.

Akaniamini. Asubuhi alivaa mabuti akaenda kazini. Kwa siku chache maumivu yalipungua, kwa kuwa ile pembe haikuwapo, kisha ukucha ukaota upya, ukaingia nyamani zaidi ya kwanza. Alinijia mara ya pili, nikachimba tena, nikasema yule wa kwanza aliacha mayai. Nilijua ninasema uongo. Kila siku niliazimia kumwambia jioni atakaporudi, na kila jioni alirudi amechoka, nami nikamwekea ugali nikanyamaza. Usaha ukaanza kutoka. Kidole kikawa cheusi. Homa ilipompanda ndipo mama alipomchukua kwa treni kwenda hospitali Tabora, nami nikaenda nao kubeba mzigo.

Dresa aliyempokea, mfunga vidonda wa hospitali, alikuwa mtu mzima wa mjini, mpole. Alikitazama kidole kwa muda mrefu. Akasema huyu hakuwa na funza hata kidogo, ni ukucha ulioingia nyamani, na kama wangemleta mapema angeuloweka mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, asubuhi na jioni, akaunyanyua ukingo wa ukucha na kuuwekea uzi wa pamba chini yake ili uote juu ya nyama. Akasema ukucha hukatwa moja kwa moja, pembe zake zikaachwa zionekane, wala mtu asivae kiatu kinachombana vidole. Kisha akauliza, "Nani alichimba hapa?"

Niliinama kukaza kamba ya mzigo.

"Mimi mwenyewe," baba akasema.

Walikikata kidole, na sehemu ya mguu iliyokuwa imeoza pamoja nacho. Tuliporudi Tura, gumba la mguu wa kushoto nalo lilikuwa limeanza kuwa jekundu. Nikafanya kama dresa alivyosema: maji, chumvi, pamba iliyosokotwa nyembamba kama utambi. Sikugusa mwiba. Siku ya kumi lilikuwa limepona. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, maana ilikuwa kazi nyepesi kiasi kile.

Mnyapara wa walinzi wa reli alikuja akasema, kwa upole, kwamba mtu asiyeweza kukanyaga sawasawa hawezi kupewa njia, na kwamba mlinzi mpya atahitaji nyumba. Ikatubidi tuhamie Ipuli, kwa shangazi. Mlinzi mpya alifika kabla hatujamaliza kufunga mizigo, kijana kutoka upande wa Igunga. Baba akamkaribisha kigoda, akaanza kumweleza njia: wapi maji hula tuta wakati wa masika, bolti zipi hulegea jua likiwa kali. Yule kijana alisikiliza kwa adabu, huku macho yakirudi kwenye mguu uliofungwa. Mwishowe akauliza, "Mzee, ni treni?"

"Buti," baba akasema.

Nilikuwa mlangoni. Sijui nguvu niliipata wapi. Nikasema mbele ya mgeni, "Baba, hakukuwa na funza. Siku ile sikuona kitu."

Baba hakugeuka. Alikuwa ameishika ile spana, akiifuta mafuta kwa kitambaa kabla ya kumkabidhi mwenzake.

"Mpe mgeni maji kwanza," akasema.

Nikaingia ndani nikachota maji, nikamletea yule kijana kwa mikono miwili. Akanywa, akashukuru, akachukua spana. Baba akaegemea fimbo, akatoka naye mpaka relini kumwonyesha mahali pa kuanzia, akikanyaga kwa kisigino. Aliporudi alisema tuendelee kufunga mizigo. Hajaniuliza neno tangu siku hiyo, nami sijapata kuyarudia maneno yale.