Dominium, dominii

Enzi zetu kule Kamembe wasichana wengine waliruka kamba kwa nyimbo. Sisi wa nyumba yenye mlango wa bluu tuliruka kwa Kilatini: dominium, dominii, dominio, na aliyekosea mwisho wa neno alitoka. Vijana wa leo wanacheka nikiwahadithia. Wao hata namba ya simu ya mama yao hawaijui kwa kichwa.

Papa alikuwa mwalimu wa Kilatini Bukavu, upande wa Kongo. Tuliporudi Rwanda, hapo Kamembe, baada ya vita vya 1994, hakuna shule iliyomhitaji, basi akatufundisha sisi, kwa kipande cha mkaa ukutani, huku harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga ikitutoa akili kabisa. Dominium, alisema, ni umiliki wenyewe, haki ya mwenye mali. Kukaa tu ndani ya kitu ni possessio. Halafu kulikuwa na jambo lililomfurahisha kila mara. Kiswahili hufuata mali: nyumba ya mama, shamba la mama, mti wa mama, na mama habadiliki. Kilatini humgeuza mwenye mali. Nyumba ya mama ni domus matris: mater amekuwa matris, na nyumba imebaki domus.

Nyumba ile haikuwa yetu. Tuliikuta tupu, wenyewe wamekimbilia Kongo, tukaingia kama wengi walivyoingia. Nilikuwa na miaka tisa na nilishahama mara nne. Niliipenda kupita kiasi.

Kisha vita vikahamia kule, wakimbizi wakaanza kurudi kwa miguu. Asubuhi moja mwanamke alisimama nje na watoto wawili, miguu imevimba. Tulikuwa tumefunga komeo kwa ndani, tukamwona dirishani.

"Hii njo nyumba yangu," alisema. "Bwana yangu alikufia mu pori. Funguo yake niko nayo."

Maman alimshika Papa mkono, akimwita kwa jina langu. "Papa Furaha, usifungule! Batoto tutabapeleka wapi?"

Nami, kwa kutaka anisifu kama siku zote, nikasema: "Papa, sisi tuko na possessio. Dominium ni ya huyu maman."

Papa akafungua komeo.

Tulihamia chumba cha kupanga, kisha kingine, halafu Bugarama kwenye joto na mbu. Maman hakunigombeza hata siku moja, ila Kilatini kikianza yeye alitoka kwenda uani. Alifia kwenye nyumba ya watu.

Siku hizi vijana wana hati za viwanja ndani ya simu, wanaonyeshana kama picha za harusi. Nami nimepata yangu, kiwanja kidogo Rwimbogo, nikiwa nimeshachoka hata kufurahi. Nilisema kweli, najua, na yule mama alikuwa na haki yake. Lakini nikishika komeo la mlango wangu nakumbuka ile kamba. Pale aliyekosea ndiye aliyetoka. Siku ile nilipatia, tukatoka wote.