Taji la Katoni na Kiti cha Babu

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita, baba yangu mdogo alisimama mbele ya waombolezaji huko Khunyangu akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye amemuua mzee," akasema. "Amejivika taji, akakalia kiti chake, na mwenyewe akiwa bado hai!" Silaha yangu ilikuwa kipande cha katoni ya sabuni.

Mwalimu wa chekechea ndiye aliyeanzisha. Siku ya kufunga shule tungeigiza wafalme na malkia, kwa hiyo kila mtoto aje na taji lake. Mama alikuwa akiuzia madereva wa malori chai kule Malaba. Akaniletea katoni, na karatasi zile za kung'aa zinazokuwa ndani ya pakiti za sigara. Gundi tulikoroga kwa unga wa muhogo na maji moto. Meno ya taji nilikata mwenyewe kwa wembe, moja refu, moja fupi, yote saba. Sikuwa nimewahi kumiliki kitu ambacho mkubwa hakunitengenezea.

Malkia naye hawezi kusimama tu. Nikakalia kiti cha babu, kile cha miguu mitatu. Babu alikuwa liguru, mzee wa kijiji anayeamua kesi za mipaka ya mashamba, na kiti hicho hakikukaliwa na mwingine.

Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alitoka jikoni mikono imejaa unga.

"Nabwire! Shuka hapo! Kiti cha mzee hukaliwa akishazikwa. Unataka kumwita nani aje?"

"Nacheza tu, Kukhu."

"Na kifo kikija, kitajua unacheza?"

Babu alikuwa ukutani akiota jua. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwache malkia wangu. Mheshimiwa, kesi yangu utaisikiza lini?"

"Leta kuku kwanza," nikamjibu, maana ndivyo nilivyomsikia yeye akiwaambia watu.

Siku ya nne alianguka uani, mdomo umepinda. Hakufika hospitali akiwa hai. Kukhu hakunipiga. Alichukua taji akalitia motoni, basi. Baada ya yale maneno ya matangani niliacha kula, na siku ya kufunga shule nilibaki nyumbani. Niliamini. Niliamini miaka mingi, hata kiti cha plastiki kwa jirani sikukikalia kabla ya kuuliza ni cha nani.

Chuo sikuenda. Kazi hii nimejifunza kwa kuharibu karatasi, na leo nafundisha chekechea hapa Busia, na mataji ya watoto wangu hayabanduki. Ni siku moja nikiwa nakata katoni ndipo nilipoikumbuka ile siku yote, si kile kipande tu alichokisimulia baba mdogo. Jioni ile alirudi na baiskeli kutoka mjini. Babu akamuuliza, "Dawa yangu ya presha iko wapi?"

"Foleni ilikuwa ndefu, mzee. Nitaenda kesho."

Kesho yake hakwenda. Wala siku iliyofuata.

Nilimuuliza Kukhu kabla hajafariki. Akasema, "Nilijua. Lakini yule nimemzaa mimi." Akaongeza kwamba hata hivyo kiti cha mtu hakichezewi. Hapo sibishani naye. Watoto wangu huvaa mataji yao wakiwa wameketi kwenye mkeka. Kukhu alinikataza kwa sababu alimpenda mumewe. Baba mdogo alichukua katazo lile lile akafunikia uvivu wake, akambebesha mtoto maiti.

Mwezi uliopita alipita shuleni kwetu akaona mataji thelathini yameanikwa kwenye ua. Akacheka mbele ya walimu wenzangu: "Nabwire, bado unaua wazee?" Nilimfuata mpaka barabarani, lakini alikuwa ameshapanda boda.

Basi nakwambia hapa, baba mdogo. Ulinishtaki mbele ya watu, sitakubali tuyamalize pembeni. Krismasi tukikutana Khunyangu, simama mbele ya wale waliosalia, useme ulitumwa dawa na hukuleta. Mbuzi wako wa fidia sitaki. Nirudishie jina langu.