Mikalitusi ya Miaka Mitano

Nilipaswa kukataa. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, katika nyumba yetu ya mbao pale Butembo. Kaka yangu mkubwa alitaka niuze mikalitusi yangu yote, ikiwa na miaka mitano tu, ili nijenge nyumba ya ghorofa kando ya barabara. Nilikubali kabla chai haijapoa. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kazi yangu ilikuwa kutunza depo ya mfanyabiashara mmoja: chumvi, sabuni, vitenge, mabati. Nilifungua saa kumi na mbili asubuhi na kufunga jua likizama, siku sita kwa juma. Sikuichukia kazi hiyo. Lakini zamani kidogo bosi aliwahi kunituma Beni na mzigo wa sabuni, na huko nilimkuta mteja ameketi barazani saa nne asubuhi, siku ya kazi, anamenya karanga. Ndevu zake zilikuwa nyeusi bado. Nikamuuliza kama anaumwa. Alicheka mpaka karanga zikamwagika.

“Mugonjwa ya nini? Kakao yangu iko kule Mbau, inatumika. Miye nilitumika wakati ya ujana. Sasa ni zamu yake.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo ya mtu anayefanyiwa kazi na shamba lake, nikamwambia mke wangu, ambaye aliuza maharage sokoni. Hakucheka. Miaka mitatu tulikula sombe ya majani ya muhogo bila samaki, na watoto walivaa viatu vya kurithiana. Kisha tukanunua mteremko wa kilima upande wa Kalunguta, tukaupanda mikalitusi kwa mikono yetu. Mpango ulikuwa rahisi. Mti ukifikisha miaka kumi na miwili unatoa mbao, na bei ya ubao haifanani na bei ya fito. Tungekata kipande kimoja cha kilima kila mwaka. Mkalitusi ukikatwa vizuri unachipua tena, kwa hiyo tukimaliza kipande cha mwisho, cha kwanza kingekuwa kimekua. Nikifika miaka hamsini ningemrudishia bosi funguo zake, nami ningemenya karanga.

Kaka yangu aliijua hesabu hiyo. Haikumpendeza.

“Ndugu, uko unaficha mali ku kilima sawa mwizi,” aliniambia Jumapili ile. “Batu banakuita mulinzi wa depo. Mutu ya Butembo ni nyumba! Étage, hata mwenye kupita mu ndege anaiona.”

“Shemeji,” mke wangu akasema, “huyo wa mu ndege atatuletea chakula?”

“Mama, hapana kucheka. Ataweka balokatere chini, ataweka balokatere juu. Kila mwezi, makuta.”

“Na étage yako weye? Balokatere bataingia lini? Nyuma ya bile byuma kuota majani?”

Kaka yangu alikuwa na ghorofa yake, kweli, isiyo na mpangaji hata mmoja, yenye vyuma vilivyotazama mbingu kwa mwaka wa sita. Akanitazama mimi. Nilijua mke wangu amesema kweli. Lakini niliona aibu kwamba ameshinda maneno mbele ya mkubwa wangu, nikaogopa isije ikasemwa kwamba nyumbani kwangu anaamua mwanamke. Nikamwambia kaka yangu, “Yaya, tutakata.” Kwa sababu hiyo tu.

Mnunuzi alikuja na vijana wenye misumeno. Kwa siku tisa kilima kikawa uchi. Miti iliyonyooka iliondoka kama fito za wajenzi, na iliyobaki ilichomwa palepale kuwa makaa. Pale matanuru ya makaa yaliposimama, visiki viliungua hadi mizizi. Theluthi ya kilima ilikufa hivyo. Kisha nilipoanza kumwaga zege mjini nilinunua fito za kuishikilia, na sijui kama nyingine hazikuwa zangu.

Pesa zilitosha msingi, nguzo kumi na mbili, na sakafu moja ya juu. Baada ya hapo ghorofa ilianza kula mshahara wangu. Mwezi huu mifuko mitatu ya simenti, mwezi ule miwili. Nguzo hazina mlango, na hakuna mtu anayepanga nguzo. Waliozitumia walikuwa mbuzi wa jirani, mvua ikinyesha.

Wakati huo mke wangu alikuwa akiondoka kila Jumamosi na panga. Nilidhani anaenda kwenye maharage. Mwaka wa pili, Jumamosi moja bosi alipofunga depo kwa msiba, nilimfuata. Nilimkuta kilimani, ameinama juu ya kisiki. Kila kisiki kilichopona kilikuwa kimetoa machipukizi kumi, kumi na tano, yakisongana. Alikuwa akiyakata yote na kuacha mawili.

“Unafanya hii tangu lini?”

“Tangu weye ulianza kununua simenti.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, ungemwambia yaya yako.” Akanipa panga. “Acha mbili zenye nguvu. Ile yenye upepo itapasula, kata. Na usikate sawa mutu anakasirika.”

Nilikata mpaka mchana. Pale, katikati ya visiki, nilimwambia kwamba siku ile nilikubali kwa sababu ya aibu. Alisema alijua. Akaniuliza kama nina njaa.

Toka Jumamosi ile hatukununua tena hata mfuko mmoja wa simenti. Lakini kuziuza nguzo kulichukua miaka saba, kwa kuwa mji umejaa nguzo. Hatimaye tulimpata mtu wa kuzinunua ili amalizie nyumba. Alilipa chini ya nusu ya tulichomwaga pale, nasi tulikwenda moja kwa moja kununua miche ya kujaza mahali pa matanuru, na kipande kingine kando ya kilima. Kaka yangu hakunisemesha mwaka mzima. Kisha akaja, akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

“Muniachie miche mia mbili.”

“Ya étage?” mke wangu akauliza.

“Shemeji, nimesikia. Wasingya.” Hiyo ni asante yetu. Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka, na alipanda miche yote.

Miche ile ilipofikisha miaka yake kumi na miwili, kilima kizima kilikuwa kimerudi. Nilimrudishia bosi funguo nikiwa na miaka sitini na minne. Sasa kila kiangazi tunakata kipande kimoja, wapasua mbao wanatufuata wenyewe, na kipande hicho kinatulisha mwaka mzima, dawa zikiwemo. Asubuhi ya kwanza nilikaa barazani mpaka saa nne, sikujua mikono niiweke wapi. Nilijifunza upesi.

Binti yetu ni mwalimu. Yeye na wenzake wanachangiana kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu, na zamu yake ilipofika alinunua mteremko wake mdogo. Miti yake ina miaka minne. Mwezi uliopita mnunuzi alimfuata shuleni na pesa mkononi. Alinipigia simu, “Papa, nimwambie nini?” Nilimwambia aseme hapana, halafu arudi darasani. Alisema hapana. Nilimsikia, simu ikiwa bado wazi.

“Ndiyo” yangu ya Jumapili ile ilinigharimu miaka kumi na minne ya kufungua depo ya mtu mwingine. Ilimgharimu pia mke wangu, ambaye miaka hiyo yote alibeba maharage hadi sokoni kwa sababu nguzo zilikuwa zimekula akiba yetu. Tulipopata kupumzika, magoti yake yalikuwa yamekwisha. Mimi napanda kilimani peke yangu, naye anaitazama miti yake kutoka barabarani.