Mama Mkwe Kwenye Mkataba

Dalali alikuwa amezoea wapangaji wanaouliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama jirani anafuga mbwa. Huyu wa safari hii alimchosha tangu siku ya kwanza. Kila nyumba alitangulia kuingia yeye, akahesabu ngazi, akapima kwa hatua umbali wa kutoka chumbani hadi chooni, kisha akatoka nje kumwita bibi mmoja mfupi mwenye mkoba mweusi aje atoe hukumu. Na hukumu ilikuwa ileile kila mara: haifai.

Mpangaji huyo alikuwa mwanamke, fundi wa majokofu. Alihamishiwa mji huu kusimamia vyumba vya baridi vya bohari ya dawa, vyumba vinne ambavyo kompresa zake zikinyamaza nusu siku tu, chanjo zote zinakwenda na maji. Alikuwa akitoka kazini kwenye jua la saa tisa na koti zito la baridi begani, watu wakimgeukia njia nzima. Dalali, ambaye mdomo wake hauna breki, akambandika jina siku hiyohiyo: Fundi Baridi.

Bibi mwenye mkoba alikuwa mama mkwe wake, na hapo ndipo ilipokuwa shughuli. Mume wa Fundi Baridi alikuwa amefariki, mwaka wa nne sasa, na watu wa pande zote mbili walikwisha kuamua kwamba wanawake hawa hawana tena la kuwaunganisha. Mama mzazi wa fundi alimtaka arudi nyumbani aanze maisha upya. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipopata habari za uhamisho alikuja kumchukua mama yake, aliyekuwa akiishi na fundi, kwa mbwembwe zote, akitangaza mbele ya majirani kwamba mama ni wa wanawe. Wiki mbili baadaye Fundi Baridi akapita kuaga. Alimkuta huyo mama wa wanawe amelazwa stoo, kitanda kimebanwa kati ya matairi na ndoo za rangi. Hakugombana na mtu. Alikunja shuka, akaubeba mkoba mweusi, akamshika mama mkono, wakatoka wakimpita shemeji pale mlangoni kama hawamwoni.

Tangu siku hiyo shemeji hakukosa kupiga simu asubuhi. Alisema anaaibishwa, watu watadhani mama hana watoto. Fundi Baridi alimjibu mara moja tu: watu hawadhani, wana macho. Baada ya hapo simu ikawa inaachwa ilie mpaka inyamaze yenyewe.

Kampuni yake iliwapa chumba cha wageni nyuma ya bohari kwa siku kumi. Mama alilala kitandani, fundi akalala chini kwenye godoro jembamba, na kila jioni walihesabu siku zilizobaki. Zikiisha kabla ya kupata nyumba, fundi angeweza kujibanza kwa mfanyakazi mwenzake. Mama asingekuwa na pa kwenda isipokuwa kule stoo. Wote wawili walilijua hilo, wala hawakulizungumza.

Ndiyo maana fundi hakuelewa kwa nini bibi anazikataa nyumba. Ya kwanza ilikuwa na ngazi nyingi. Sawa, hapo alikuwa na haki. Ya pili jiko lilitazamana na choo. Ya tatu jirani alimwangalia vibaya. Ya nne na ya tano zilikataliwa tu, bila maelezo. Ya sita, siku ya nane, haikuwa na kasoro hata ya kutafuta kwa tochi. Bibi akasimama katikati ya sebule, akageuka huku na huku, akasema dirisha linaingiza mwanga mwingi mno.

Fundi Baridi alimwomba dalali akanywe maji nje. Akakaa sakafuni.

"Mama, mwanga nao umekuwa kosa?"

Bibi akachezea kamba ya mkoba. "Wewe tafuta chumba kimoja karibu na kazi yako, mwanangu. Mimi nirudishe. Bado kijana wewe. Nani atakuja kukuposa na mimi nimekaa hapo mlangoni?"

Kumbe ndiyo siri yake. Siku nane nzima alikuwa akimfungulia mkwewe mlango wa kumwacha. Fundi alitamani kucheka na kulia kwa pamoja, lakini kilichotangulia kilikuwa hasira.

"Atakayekuja atakuamkia wewe kwanza," alisema. "Asiyeweza, njia aliyojia anaijua. Twende nyumba ya saba."

Njiani dalali akamvuta fundi pembeni. Mwenye nyumba hii, alieleza, ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kanuni, na mkataba wake unamruhusu mpangaji kukaa na mume au mke, watoto, na wazazi wa kumzaa, basi. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: sema ni mama yako mzazi, hakuna atakayepima damu.

"Nikisema ni mama yangu mzazi," fundi akamjibu, "basi miaka yote ile niliolewa na kaka yangu."

Dalali akatangulia kuonyesha njia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, vyumba viwili na sebule, choo ndani, mwendo wa robo saa hadi bohari. Mwalimu aliwakaribisha vizuri, akawakalisha, kisha akausoma mkataba kwa sauti akiwa amesimama, kama yuko mbele ya darasa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumpangisha kijana na mkewe, na kabla ya mwaka kwisha nyumba ilikuwa na watu tisa na tangi linakauka kabla ya adhuhuri. Ndipo akaandika kifungu cha tano, hicho cha nani anaruhusiwa kukaa na mpangaji. Alipofika hapo akavua miwani, akauliza bibi ni nani. Fundi akamwambia ukweli wote.

"Wewe nimekukubali," Mwalimu akasema. "Lakini huyu, kwa haki, si mtu wako tena. Aliyewaunganisha hayupo. Nitamwandika mgeni, na mgeni mwisho wiki mbili."

Fundi Baridi akainuka kitini. Maneno hayo aliyasikia kwa shemeji, akayasikia kwa mama yake mwenyewe, na sasa anaambiwa na mtu aliyemjua kwa dakika ishirini.

"Basi futa jina langu, Mwalimu. Mpangaji mwandike yeye. Mgeni niwe mimi, na wiki mbili zikiisha uje unitoe mimi."

Mwalimu akasema bibi hana kazi. Fundi akasema kazi anayo yeye, kodi italipwa kwa wakati, lakini mwenye mlango atakuwa bibi. Dalali akashika kichwa. Mwalimu akaiweka kalamu mezani polepole, akamtazama bibi.

Fundi naye akamtazama, akaogopa. Sasa mama alikuwa na njia nyeupe ya kuondoka. Kasoro moja tu, hata ya kubuni, na kesho angekuwa safarini kurudi kwenye matairi.

Bibi akainuka. Akaingia jikoni, wakasikia bomba likifunguliwa na kufungwa. Akasukuma mlango wa chumba cha kwanza, kisha wa pili. Akarudi.

"Dirisha la jikoni halifungi sawasawa," alisema.

Fundi akainamisha kichwa.

"Litengenezwe kabla hatujahamia," bibi akaendelea, akimwambia Mwalimu. Akavuta kiti, akauweka mkoba sakafuni, akanyoosha mkono kuomba kalamu.

Mwalimu akaiokota kalamu mezani, lakini hakumpa bado. Akauliza, kwa sauti ya chini kuliko ile ya darasani, basi huyu mwenzake amwandike nani.

"Andika mkwe," bibi akasema. "Mimi nilifiwa na mtoto, Mwalimu. Sikufiwa na mkwe."

Mwalimu akaandika. Kisha akakipiga mstari kifungu cha tano chote, akinung'unika kwamba hata hivyo kiliandikwa vibaya. Bibi akatia sahihi kwa herufi kubwa, moja moja, bila haraka, na fundi akaenda kusimama uani kwa sababu hakutaka dalali aone machozi yake.

Walihamia siku ya kumi. Walikuwa hawajamaliza kufungua mizigo simu ilipolia, shemeji kama kawaida yake. Bibi akainyakua kabla mkwe wake hajaizima. Akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, asimkatize, mpaka alipouliza anarudi lini.

"Siku ukitaka kuniona, njoo," bibi akamwambia. "Ukifika bisha hodi, usubiri nikufungulie. Hapa ni kwangu."